Watoto wa Nchi Kavu Katika Pwani ya Unguja

Mtoto aliyezaliwa Dodoma hujua thamani ya maji kabla hajajua kuhesabu. Mji wetu umekaa juu ya uwanda wa kati, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili, wala kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Ikisha mvua hiyo, mito hubaki mchanga mtupu na mibuyu husimama pasipo jani. Basi mtoto huyo asomapo chuoni khabari za bahari katika Suratun Nahl, jinsi Mwenyezi Mungu alivyoitiisha ili wanadamu wapate humo chakula na mapambo, na vyombo vipite juu yake wakitafuta fadhila Zake, huyasoma hayo kwa ulimi, lakini jicho lake halina cha kulinganisha. Bahari aijua kwa jina tu.

Zamani safari ya kuwachukua watoto wadogo kwenda kupumzika katika hoteli za pwani ilihesabiwa kuwa ni jambo la matajiri na la wageni watokao Ulaya. Siku hizi mlango umefunguka. Tangu tarehe 25 Julai 2024 treni ya umeme huenda baina ya Dodoma na Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Kutoka Dar es Salaam boti ziendazo kasi hufika Unguja kwa saa mbili hivi. Mwenye kuondoka Dodoma alfajiri aweza, Mungu akipenda, kuswali Magharibi katika mchanga wa ufukweni.

Kwa ajili hiyo jamaa wengi wa huku bara, khasa wakati wa likizo za Juni na Desemba, huulizana: Je, yafaa kuwapeleka watoto kule? Na wakifika, wakae wapi, na wakae vipi? Sisi tulikwenda na watoto watatu, mkubwa wa miaka 9 na mdogo wa miaka 3, tukakaa siku sita upande wa mashariki wa kisiwa. Tuyaandikayo hapa ni tuliyoyaona na tuliyoyauliza. Na neno letu kubwa ni moja: pwani ile si nchi ya kigeni kwetu. Ni nchi ya Waislamu wenzetu, na mwenye kwenda huko na watoto wake na aende kama jamaa azuruye jamaa zake, wala asiende kama mtu aliyenunua mahali.

NJIA ILE ILE YA WAZEE

Yafaa tukumbuke kwamba njia baina ya uwanda wetu na pwani si njia mpya. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka mbuga kavu ya Marenga Mkali, kisha ikaingia Ugogo, ambako kila mwenye msafara alitoa hongo kwa watemi ili apate kupita na kunywa maji. Baadaye ikaja reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Dini yetu nayo ilipanda kwa njia hizo hizo: kwa miguu ya wapagazi na wafanyabiashara, kisha kwa treni, pamoja na lugha hii tuiandikayo. Basi mzee ashukaye pwani na wanawe leo yuaifuata nyuma njia waliyopandia walimu wa babu zake. Watoto na waambiwe hayo ndani ya treni, wala wasiachiwe simu mkononi tangu kituo cha kwanza mpaka cha mwisho.

Treni yenyewe ni darasa. Ikiondoka Dodoma, nchi ni nyekundu na miiba; ikifika milima ya Kilosa huingia katika mahandaki, na watoto hupiga ukelele wa furaha; ikitoka huko hukuta nchi ya kijani, na mikonge, na mito yenye maji. Alipofika Morogoro mtoto wetu wa kati alivua koti. Alipofika Dar es Salaam aliuliza kwa nini hewa ina maji. Huo ndio mwanzo wa elimu ya nchi: kujua kwamba nchi moja ina hewa nyingi.

Kuhusu swala, Dodoma mpaka Unguja ni masafa makubwa kuliko kadiri ya kufupisha swala, kwa hivyo msafiri aruhusiwa njiani kukasiri na kujumuisha. Lakini yataka kujua hukumu ya huko aendako: kwa madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kunuia kukaa siku nne kamili au zaidi, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, huwa mkaazi tangu afikapo, na huswali swala zake kamili. Mwenye kukaa siku mbili au tatu yu msafiri bado. Jambo hili ni dogo kulieleza na jepesi kulisahau, na likizo ni mahali pabaya pa kusahau swala.

BOTI NA KIBLA

Watoto wengi wa bara hutapika katika boti. Wale chakula kidogo kabla ya kupanda, wakae katikati ya chombo karibu na nyuma, na watazame mbali kwenye upeo wa bahari. Kila mzazi na aulize mapema yaliko makoti ya kuokolea, na yapi ni ya watoto, wala asione haya kuuliza. Tusisahau kwamba mwaka 2011 ilizama MV Spice Islander katika njia ya kwenda Pemba, na mwaka 2012 ikazama MV Skagit ikitoka Dar es Salaam, na katika vyombo hivyo walikuwamo mama na watoto wengi. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Kumtegemea Mungu ni wajibu, na kumfunga ngamia ni wajibu vile vile.

Hapo katika boti tuliwaonyesha watoto jambo moja. Unguja iko kaskazini ya Dar es Salaam karibu sawasawa, na Makka nayo, kwa mtu aliye pwani hii, iko kaskazini karibu sawasawa. Kwa hivyo boti iendayo Unguja huelekeza omo yake upande wa kibla. Sisi wa Dodoma huelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki, lakini mtu wa Unguja hupinda kidogo mno. Na ukisimama kuswali katika pwani ya mashariki, bahari i kulia kwako na minazi i kushoto kwako. Mkubwa wetu amelihifadhi hilo asilisahau, naye tangu siku ile huuliza kibla cha kila mji autajiwao.

MAHALI PA KUKAA

Hoteli za Unguja ni za namna nyingi. Ziko kubwa za Nungwi, Kendwa na Kiwengwa, zenye mabirika ya kuogelea na ukuta mrefu, ambamo mgeni aweza kukaa juma zima asisikie jina la kijiji alichomo. Ziko na nyumba ndogo za wageni katika vijiji vya Paje, Bwejuu, Jambiani na Makunduchi, na nyingine ni za wenyeji wenyewe. Hatusemi kuwa kila hoteli kubwa ni mbaya, wala kuwa kila nyumba ndogo ni njema. Twasema mzazi na aulize kabla ya kulipa: Je, ulevi huuzwa hapo, na watoto hulia chakula karibu na mahali hapo? Je, nyama ni halali? Je, chumba kina nafasi ya kuswali jamaa nzima? Je, adhana yasikika? Nyumba tuliyokaa sisi ilikuwa Jambiani, yenye vyumba vinne na ua wa makuti, na muadhini tulimsikia kama aliye dirishani. Watoto walikwenda msikitini pamoja na watoto wa kijiji, na kufika siku ya pili walikuwa wakiitwa kwa majina yao.

Liko na suala la mavazi na haya. Mzazi asijidanganye: katika fukwe zile watoto wataona watu walio karibu na utupu. Wenyeji wenyewe wamewaomba wageni wajisitiri wakiingia vijijini, na wageni wengine husikia, na wengine hawasikii. Dawa yake si kuwafungia watoto chumbani. Dawa ni kuwaambia mapema, kwa maneno machache na pasipo kuwatukana wale watu, kwamba kila jamaa ina adabu yake nasi tuna yetu. Kisha mzazi aichunge adabu hiyo katika mwili wake mwenyewe. Baba na avae suruali ivukayo magoti, na mama avae vazi pana lisilobana wala lisiloonyesha. Wakati mzuri wa akina mama kuoga ni baada ya swala ya Alfajiri, pwani ikiwa bado ni ya wavuvi na ndege, na mahali pa pembeni. Watoto husikiliza kwa macho kuliko kwa masikio.

MWEZI WA KIISLAMU NI SAA YA BAHARI

Jambo liwashangazalo zaidi watoto wa bara ni kwamba bahari haikai mahali pake. Hulala imejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, wakiamka huiona imekwenda mbali hata kilomita nzima, imeacha mchanga mweupe na madimbwi. Mtu aliyelipia likizo ya bahari huweza kukasirika, akidhani ameibiwa. Lakini Muislamu ajuaye mwezi wake hana haja ya kukasirika, kwani kalenda yake ndiyo saa ya bahari.

Maji hufuata mwezi. Mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, yaani kiasi cha tarehe 1 mpaka 3 na tarehe 15 mpaka 17 za mwezi wa Kiislamu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake katika bahari ya Unguja huweza kufika mita 4. Siku hizo bahari huwa imekupwa kiasi cha saa 4 asubuhi, na kujaa kiasi cha saa 10 alasiri. Mwezi uwapo nusu, kiasi cha tarehe 8 mpaka 10 na 22 mpaka 24, huwa ni maji mafu: hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu, na kujaa kwake huwa kiasi cha saa 4 asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Basi atakaye watoto wake waoge asubuhi katika maji yaliyotulia, na apange safari katika siku za maji mafu. Na atakaye waone vilivyomo chini ya bahari, na apange katika bamvua. Na wakati wa Juni akumbuke kwamba pepo za kusi hupiga sana upande wa mashariki, na upande wa magharibi hupata kivuli cha kisiwa.

Sisi tulikuwako katika bamvua. Tulitembea na watoto juu ya mchanga uliokupwa, tukaona kaa, na majongoo ya bahari, na vile viumbe vyenye mikono mitano ambavyo watu wa pwani huviita kiti cha pweza. Tulikwenda na viatu miguuni, kwani kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi wajifichao katika majani ya bahari. Mbele yetu walikuwapo wanawake wakifunga mwani katika kamba, kazi iliyoanza katika vijiji hivi mwaka 1989, nao huifanya khasa wakati huo wa bamvua maji yakiwa yamepwa. Mwani huo hukaushwa na kuuzwa nchi za ng'ambo, hutiwa katika vyakula na hata katika dawa ya meno. Watoto waliwaamkia, "Shikamoo, bibi," nao wakaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," wakawaonyesha namna ya kufunga fundo.

Ilipokaribia saa 6 mmoja wa wanawake wale, mtu mzima sana, alisimama akatazama nyuma yetu upande wa nchi kavu, akasema kwa sauti ya upole: "Mwanangu, wachukue watoto. Maji hapa hujaa kwa nyuma." Tulipogeuka hatukuona kitu ila mchanga. Lakini yeye aliongoza njia, na baada ya hatua mia mbili hivi tulikuta mfereji mpana ambao wakati wa kwenda ulikuwa mkavu, sasa una maji ya magotini kwa mtu mzima, yakienda mbio. Kwa mtoto wa miaka 3 maji hayo ni kiunoni. Tuliwabeba wadogo, tukavuka. Mgeni huitazama bahari mbele, akingoja mawimbi. Mwenyeji ajua kwamba mchanga si sawasawa, na maji huanza kuingia mabondeni kati ya mtu na nyumba yake. Elimu hiyo haikuandikwa katika ukuta wa hoteli yoyote. Ilikuwa katika kichwa cha bibi yule, na tuliipata kwa salamu.

AMANA YA MTOTO MAJINI

Hapa twaomba akina baba na akina mama watusikilize sana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na kiasi cha robo yao walikuwa watoto wasiotimia miaka 5. Mtoto azamaye kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Huzama kimya, kwa muda mfupi kuliko ule wa mzazi kujibu simu. Mtoto wa bara ana hatari zaidi, kwani maji ayajuayo ni ya ndoo na ya beseni.

Mtoto mdogo na awe mahali ambapo mkono wa mzazi wamfikia, si mahali ambapo jicho tu lamfikia. Mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mlinzi wa saa hiyo, kwani walinzi wengi wasiotajwa ni sawa na kukosa mlinzi. Maboya ya kupuliza ni vitu vya kuchezea, upepo huyachukua, yasitegemewe. Katika birika la hoteli hukumu ni hiyo hiyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga naye ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga; na mtoto katika maji ni katika vichungwa vikubwa. Bora zaidi, watoto wafunzwe kuogelea. Wazee wa dini walikuwa wakikuhesabu kuogelea katika mafunzo ya kijana, wala hakuna sababu ya mtoto wa Dodoma kukosa fundisho hilo.

ADABU YA MAJI

Mtoto wetu wa kati alituuliza kama yafaa kutawadha kwa maji ya chumvi. Swali hilo hilo waliliuliza mabaharia kwa Mtume, naye akawajibu kuwa maji ya bahari ni twahara na maiti yake ni halali. Mtoto alifurahi sana, akatawadha baharini siku zote zilizobaki.

Lakini kwa maji matamu ni kinyume. Pwani ya mashariki ya Unguja ni nchi ya maweni, na visima vyake vingi vina chumvi. Mgeni wa hoteli kubwa hutumia maji matamu mara nyingi zaidi kuliko mwenyeji wa kijiji cha jirani. Basi watoto wetu, waliolelewa kwa kuhesabu ndoo, wasiende kusahau huko adabu waliyoipata kwao. Tumefunzwa tusifanye israfu ya maji hata tukiwa ukingoni mwa mto uendao.

Siku ya tano tuliwapeleka Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti ambao katika mihrabu yake mna maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Msikiti huo bado huswaliwa. Tuliswali Adhuhuri hapo, na mkubwa wetu akahesabu kwa vidole akaona kwamba msikiti ule una miaka zaidi ya 900. Kisha akauliza neno ambalo hatukulitazamia: "Kama watu wa hapa ndio wa zamani hivi, mbona hawakai katika vile viti vya pwani?" Tulimwambia kwamba viti ni vya mwenye kulipa, lakini pwani ina wenyewe, na kwamba yeye amekwisha kukaa pamoja na wenyewe, wakifunga mwani. Aliridhika na jibu hilo, nasi tuliona kwamba kama tungalikaa nyuma ya ukuta, swali hilo asingaliuliza kabisa. Angaliwaona watu wale kama wachukuao sahani tu.

Ndugu Waislamu, si lazima kwenda, wala si halali kukopa kwa riba ili kwenda. Mwenye kukosa uwezo, watoto wake hawatapungukiwa na dini yao kwa kutoiona bahari. Lakini aliyejaaliwa, na aende na nia njema: apumzishe mwili, aunge udugu, awafundishe wanawe ukubwa wa Muumba, na awaachie wenyeji kheri kuliko taka. Ageni nyumba isikiayo adhana, uwe mkono karibu na mtoto majini, na salimuni watu wa kijiji kabla ya kuisalimu bahari.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, na awarudishe kwa watu wao salama. Amin.